Mchonga Njia wa Irente

Rasharasha zilikuwa zimeanza tulipomkuta yule mzee ameinama katikati ya njia, jembe mkononi, kiroba cha mbolea kimemfunika kichwa na mabega. Sisi tulikuwa tunatafuta mti wa kujikinga, yeye ndiyo kwanza anatoka nyumbani. Watoto wakamwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho, maana alikuwa anayatazama maji. Yalikuwa yanateremka njiani kwa mchirizi mwembamba, yamebeba udongo mwekundu, yanatafuta pa kwenda. Aliyaacha yafike mahali alipopataka, akakwangua kwa ncha ya jembe upande wa bondeni, udongo usiojaa hata kiganja, na mchirizi wote ukageuka ukapotelea majanini. Akashuka hatua chache, akasimama, akasubiri tena.

Nilimuuliza kwa nini asingoje mvua ipite.

"Jua likiwaka maji hayapo, mwanangu," alisema. "Sasa nitamuuliza nani?"

Mafundi wengi wamesifiwa katika lugha yetu. Mchonga milango wa Lamu na Unguja ameandikiwa vitabu. Mjenzi wa jahazi, msuka mikeka, mfinyanzi, mfua vyuma, wote wana watu wa kuwasemea. Huyu wa jembe na kiroba sijapata kumsikia akitajwa hata Mwenge wa Uhuru unapopita, nao Mwenge huzindua mpaka matundu ya vyoo. Nadhani ni kwa sababu kazi yake ikiwa nzuri haionekani. Tunapita juu yake tukizungumza mambo mengine, na tukifika tunasifu mandhari.

Tulikuwa tunakwenda Irente. Kwa barabara ya gari, kutoka Lushoto mjini ni kama kilomita 6, na wengi siku hizi huzimaliza kabla wimbo wa tatu haujaisha kwenye redio. Sisi tulishika njia ya miguu, ile inayopita nyuma ya nyumba za watu, ikakata mashamba ya mahindi na migomba, ikaingia kwenye mikaratusi na misonobari, kisha ikapita kando ya vipande vya miti ya asili vilivyobaki makorongoni. Ilikuwa familia nzima: mke wangu na chupa ya chai, watoto na mapeasi yao mifukoni, mpwa wangu aliyetoka Dar es Salaam na raba nyeupe pe, na mama mkwe.

Mama mkwe amefikia umri ambao watu humpakia mtu garini bila kumuuliza. Asubuhi ile tulimwekea kiti cha mbele katika gari la jirani aliyekuwa anapanda huko huko. Akauliza kama njia ya chini bado ni ile ile. Alipoambiwa ni ile ile, akafunga kanga kiunoni, akatangulia.

Sasa kuna kilima kimoja kabla ya kufika kwenye mikaratusi, kirefu, ambacho ukikitazama kutoka chini unaanza kufikiria visingizio. Mama mkwe alikianza akitusimulia harusi ya binamu yake, jinsi bwana harusi alivyochelewa na wapishi walivyogombana juu ya mchele. Tulipofika juu ndipo bwana harusi naye alipokuwa anafika. Hakukata sentensi hata moja kuvuta pumzi. Ni baadaye, tulipokuwa tumeketi, nilipotambua kwamba bibi wa umri ule alikuwa amepanda kilima kile chote akiongea, na kwamba kuna mtu alikusudia iwe hivyo. Mzee wa jembe, tuliporudi na kumkuta bado yupo, aliniambia hicho ndicho kipimo chake. Njia humtembeza mtu aliyefuatana na mwenzake, na ikifika mahali wakanyamaza wote wawili, hapo mwinuko ni mkali mno, inabidi aurudie.

Ndiyo maana haipandi moja kwa moja. Inaambaa ubavuni mwa kilima, inakwenda mbali kuliko unavyodhani ni lazima, halafu inageuka, na inapogeuka ni kwenye mwamba au kwenye shina la mti mkubwa, mahali ambapo ardhi haitabomoka kwa visigino vya watu. Uso wake umelala kidogo kuelekea bondeni, kidogo sana, kiasi kwamba mguu hautambui lakini maji yanatambua. Maji yaruhusiwe kuvuka njia, alisema mzee, yasiruhusiwe kutembea juu yake. Kila baada ya hatua kadhaa ameweka kinga ya mawe, mshazari. Ikiwekwa sawasawa kuvuka njia, tope hujaa nyuma yake kwa mvua mbili na maji yanairuka. Ikilazwa zaidi ya inavyotakiwa, maji yanakwenda kwa kasi na kuchimba. Kiasi gani basi? Alilaza mpini wa jembe juu ya ardhi, akausogeza kidogo, akausogeza tena, akasema, "Hapo." Ningekuwa na kipimapembe ningepata namba. Lakini hatua ishirini chini yake mpini ulilala kwa namna nyingine, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa na kichanga.

Matawi pia yana kimo chao. Utayaona yamekatwa juu sana, juu kuliko anavyohitaji mtu mrefu, na mgeni hudhani ni fujo ya mtu aliyejisikia nguvu na panga. Yamekatwa kwa kimo cha mwanamke mwenye tita la kuni kichwani, au mkungu wa ndizi uliosimama. Upana nao una sababu yake. Katika sehemu nyembamba, kila inapobidi watu wapishane, ubavu wa kilima umechongwa ndani kidogo ili asiye na mzigo ajibanze na kumpisha mwenye mzigo. Anayekwenda kutazama mandhari, na kamera yake shingoni, ndiye wa kujibanza.

Kati ya vyote hivyo, kipo kimoja ambacho nimekipenda tangu utotoni na ambacho ndicho hasa kimenitia kalamu mkononi.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akienda gulioni Lushoto na kapu la mapeasi, au maharage, au viazi, kutegemea msimu. Nilikuwa namfuata nyuma nikiwa na kikapu changu cha kuonyesha kwamba nami nimo. Bibi alikuwa mfupi, na kapu lake lilikuwa zito kuliko mimi. Yeyote aliyewahi kubeba mzigo kichwani anajua kwamba kuubeba si taabu kubwa, taabu ni kuuinua. Mtu mmoja peke yake hawezi kujitwisha mzigo kama ule kutoka ardhini. Anahitaji wa kumtwisha, mtu mzima wa upande wa pili wa kukamata ukingo wa kapu na kuhesabu moja, mbili, haya. Mimi sikuwa na kimo cha kufaa kitu. Kwa hiyo bibi akitoka nyumbani ametwishwa, angelazimika kwenda mpaka sokoni bila kutua, kilima juu kilima chini, shingo ikiwaka moto. Ama atue, na akae njiani akingoja mpita njia.

Lakini njia ilikuwa imemfikiria. Mahali patatu au panne kati ya kwetu na mjini, ukingo wa juu ulikuwa umechongwa wima, na juu yake pamesawazishwa, pakatandikwa mawe bapa au gogo, kwenye kimo cha kichwa cha mwanamke wa kawaida. Bibi alikuwa akifika pale anageuka, anaupa kilima mgongo, anarudi nyuma nusu hatua, na kapu linateleza kutoka kwenye ngata mpaka juu ya jiwe bila yeye kuinama wala kuinua mikono zaidi ya mabega. Anakaa. Ananimenyea peasi kwa kisu kidogo alichokifunga kwenye pindo la kanga. Tukimaliza anasimama, anapanga ngata vizuri, anarudi kinyumenyume mpaka kichwa kiingie chini ya ukingo wa kapu, analivuta taratibu, linamkalia. Hakuna aliyemsaidia. Yaani, hakuna aliyekuwepo wakati ule.

Nilikuwa nikiona jambo hili kila safari wala sikuwahi kufikiri kwamba mtu alilibuni. Nilidhani milima ndivyo ilivyo. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaanza kujiuliza ni nani aliyesimama pale na jembe na mtaimbo, akamkumbuka mwanamke ambaye hayupo, ambaye pengine hajazaliwa, atakayepita siku moja peke yake na mzigo mzito. Alilazimika kujua kimo chake. Alilazimika kujua pumzi zake zinaishia wapi, maana vituo vile havikuwekwa kwa umbali ulio sawa. Vilikuwa mwisho wa kila mwinuko mrefu na, kwa upande wa pili, katikati ya mteremko unaochosha magoti. Mhandisi mwenye shahada angefanya nini zaidi ya hapo? Mara nyingi hafanyi hata hilo. Natazama vituo vya basi vya miji yetu, visivyo na mahali pa kuweka hata mkoba, nami nakumbuka lile jiwe bapa.

Siku ya safari yetu tulipita kwenye kimojawapo. Gogo limeoza na ukingo umelika, lakini umbo bado lipo. Mama mkwe alisimama pale bila kuambiwa, akageuka akaupa kilima mgongo, ingawa alichokuwa amebeba ni mwamvuli tu.

Nani aliyeanza kazi hii milimani Usambara, sijaona palipoandikwa. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kinatuambia jinsi Mbegha, mwindaji wa nguruwe, alivyoingia nchi ile akawa mfalme, na uzao wake ukatawala kutoka Vuga. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala milima na nyika mpaka karibu na pwani, na utawala wote ule ulitembea kwa miguu. Kodi ilibebwa vichwani. Krapf, mmisionari, alipokwenda kumwona mwaka 1848, alipanda kwa miguu yake kwenye njia aliyoikuta. Wajerumani wakaja, wakaiita Lushoto Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, wakaleta reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, wakatengeneza barabara ya kupanda kutoka huko, ile inayozunguka na korongo la Soni mpaka tumbo linakuuliza swali. Barabara hiyo ina wasifu wake. Njia za miguu zilizoitangulia, zilizounganisha milima na nyika ili ndizi zishuke na ng'ombe na chumvi zipande, hazina.

Kuna kisa kimoja cha aina hii ambacho hunikera kila nikikikumbuka. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja mtawala, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona katika milima hii ua dogo la zambarau linaloota kwenye majabali yenye kivuli. Akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo ua hilo limo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, mamilioni kwa mamilioni. Vema. Lakini bwana yule hakufika kwenye jabali kwa kuruka. Alipita kwenye njia ya mtu. Kama haikuwapo njia, ilibidi mtu atangulie na panga. Ua lina jina la aliyelitazama, na jina la aliyemfikisha halikuingia hata kwenye tanbihi.

Waingereza nao walikuja na yao. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili walileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Usambara, watu wakalazimishwa kulima matuta ubavuni mwa milima kwa amri na adhabu. Watu wakakataa, wakapinga, na kabla ya Uhuru mpango ukafa. Wapo wanaosoma kisa hicho wakahitimisha kwamba Msambaa hakujua thamani ya udongo wake. Ningependa wangepita njia hii ya Irente siku ya mvua. Watu waliokataa matuta ndio hao hao waliokuwa wakijua maji yageuzwe wapi, kwa pembe gani, kwenye udongo upi. Hata jambo la akili likiletwa na karani mwenye daftari la faini linachukiza.

Njia zenyewe zilitunzwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja. Kabla ya masika mbiu ililia, na ikilia kila mtu anajua kuna jambo. Kila nyumba ilitoa jembe moja. Wanawake walileta bada na maharage, watoto tuliokota mawe. Halafu alikuwapo mtu mmoja, kila kitongoji kilikuwa naye, ambaye hakulima sana siku hiyo. Alikuwa akitembea mbele na fimbo, akigusa: hapa, hapa, hapa paacheni, ule mzizi usikatwe huo ni ngazi. Hakuwa mwenyekiti wala jumbe. Alikuwa ndiye anayejua maji, basi, na aliyemfundisha alikuwa baba yake au mjomba. Mzee wetu wa kiroba ni mtoto wa mtu wa namna hiyo. Siku hizi ukitoa hela ya mchango umesamehewa jembe, na hela ikishakusanywa hulipwa kibarua atakayefyeka majani pembeni, njia ikapendeza kwa macho huku maji yakiendelea kuila. Anayejua maji amebaki peke yake na jembe lake, na hakuna anayemlipa. Ana shamba la kabichi kando ya njia. Jirani mmoja alitueleza, kwa namna ya kumsikitikia, kwamba mzee "ana tabia hiyo".

Mpwa wangu ni kijana mzuri, asome habari hii bila kukasirika. Tulipofika kwenye kona ya pili ya kilima, aliona njia inavyokwenda mbali na kurudi juu ya kichwa chake, akafanya hesabu anayofanya kila kijana, akakata moja kwa moja kwenye majani. Aliibuka juu akitusubiri, mikono kiunoni. Mama mkwe akasimama.

"Hebu rudi, mwanangu, upite walipopita wenzako."

Alidhani ni utani. Mama mkwe hakusogea. Kijana akashuka, na raba zake nyeupe sasa zilikuwa zimepata rangi ya Lushoto, akazunguka kona pamoja nasi. Hakupewa maelezo, na mimi nikajifanya natazama ndege. Maelezo yenyewe yalikuwa mbele kidogo. Palikuwa na mkato wa zamani, uliokatwa na watu wengi wenye haraka, ambao mvua iliupenda kuliko sisi. Kilichoanza kwa nyayo kilikuwa kimekuwa mfereji unaofika kiunoni, kingo zake wima, mizizi ya msonobari inaning'inia hewani. Mkono wa chini wa njia ulikuwa umefukiwa na udongo uliotoka humo. Mzee ameziba mdomo wa juu kwa matawi yenye miiba na mawe, na kuna mtu alikuwa ameyasogeza mawe ili apite.

Pikipiki nazo zimefika. Simlaumu sana kijana wa bodaboda, anatafuta riziki, na mama mwenye mtoto mgonjwa usiku anamhitaji kuliko anavyohitaji insha. Lakini gurudumu huchora mstari mmoja mwembamba unaonyooka na mteremko, na mstari huo ndio mtaro ambao maji yalikuwa yanauomba siku zote. Mvua moja kubwa baada ya wiki ya pikipiki hufuta kazi ya msimu.

Na kuna ngazi za zege. Karibu na mahali ambapo njia inakutana na barabara, mradi mmoja ulijenga ngazi kupanda ukingo moja kwa moja, na kibao cha kuuzindua. Ngazi zimenyooka, zina vidato virefu vya kumfaa mtu mwenye miguu mirefu na mikono mitupu, na hazikuyaachia maji njia yoyote. Maji yakajitafutia. Yamepita chini yake, yamekula udongo, na sasa vidato vya katikati vinaelea juu ya shimo ambalo watoto wetu walichungulia kwa furaha. Wanawake wenye mizigo wameziacha. Wanapita pembeni, kwenye njia ya kuambaa, iliyochongwa upya kwa jembe. Kibao bado kinasomeka vizuri.

Wanaotaka msitu mnene zaidi huenda Magamba, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia, ambako mbega huruka kwenye vilele vya mikulo na ukiwa na bahati unamwona kinyonga mwenye pembe akifikiria hatua yake moja. Vijana wanaoongoza wageni huko wanajua jani hili ni dawa ya nini na ndege yule analia kwa nini, na nimewahi kufurahia sana ujuzi wao. Mara zote nimeona wageni wakitazama juu wanapooneshwa kitu. Ninatamani siku moja mwongozaji asimame na kuwaambia watazame chini.

Basi tulifika Irente. Kuhusu mandhari yenyewe sitasema mengi, wameyasema wengine na picha zimejaa kwenye simu. Ardhi inakwisha. Chini, karibu mita 1,000, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopigwa mistari, barabara kuu na reli zimelala sambamba, halafu nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Ila siku ile tulipofika hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni, ukingo wa jabali unaishia kwenye weupe. Gari la jirani lilikuwa limeshafika zamani, na mengine mawili. Watu walishuka, wakapiga picha wakiwa wameupa ukungu mgongo, mmoja akasema amekula hasara, wakapanda, wakaondoka. Jirani naye alitupungia mkono akiwa njiani kurudi.

Sisi hatukuwa na haraka, miguu ilikuwa inadai. Tulitandika kanga, tukamimina chai, tukala mkate wa rai na jibini tuliyonunua kwenye shamba la Irente, watoto wakaanza kugombania kifuniko cha chupa. Mpwa wangu alikuwa amevua raba anazipangusa kwa majani. Nusu saa hivi baadaye upepo uligeuka, ukungu ukararuka, na nyika yote ikafunguka pale chini na jua juu yake. Mama mkwe alitazama kwa muda, akasema Mazinde pamejengwa sana siku hizi, akaomba chai nyingine.

Sidai kwamba mwenye kutembea huoneshwa na mwenye gari hunyimwa. Ilikuwa bahati ya upepo. Ninachodai ni kwamba tulikuwa tumefika tukiwa tayari kuketi, na utayari huo tulitengenezewa na mtu, hatua kwa hatua, kona kwa kona. Alitunyang'anya haraka bila kutuchosha. Hiyo ndiyo kazi ya njia iliyochongwa na anayejua. Yule anayefika Irente kwa dakika kumi na tano anafika na mji wake wote ukiwa bado kichwani, akiangalia saa.

Sijapata kusikia chuo kinachofundisha kuchonga njia ya miguu. Uashi unafundishwa, useremala unafundishwa, hata kutengeneza simu, na vema. Barabara za vijijini zina wakala wake tangu mwaka 2017. Lakini wengi wa watu wa milima hii bado wanakwenda shambani, kisimani, shuleni na msikitini kwa njia ambazo hazimo kwenye ramani ya mtu yeyote, na ujuzi wa kuzitunza umebaki kwa wazee ambao watoto wao wako Kariakoo wanapokea kabichi. Niliuliza vijijini nani baada ya hawa. Walinitajia jina la kijana mmoja, kisha wakakumbuka kwamba naye amenunua pikipiki.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwako unayepanga kuwapeleka watoto Irente likizo ijayo: liache gari mjini, uliza njia ya chini, na kona uzizunguke zote. La pili ni kwa viongozi wa vijiji vinavyopitwa na wageni. Pale mnapopata ada yoyote kutokana na wageni hao, tengeni fungu la wachonga njia, muwape na vijana wawili watatu wa kujifunza, muwalipe kwa siku za mvua na si za kufyeka. Fungu hilo lipitishwe mapema. Masika huanza Machi.